Köln hadi Brussels: Kuonja Bia na Shemeji Asiyekubali Kushindwa

Ijumaa, Köln

Shemeji yangu ameishi Köln miaka mingi kiasi kwamba akisema "bia" bila kuongeza neno, anamaanisha Kölsch. Mimi nimetua jana kutoka Dar es Salaam. Kwangu bia ni Kilimanjaro au Safari, chupa ya nusu lita, na mhudumu ana swali moja tu: baridi au ya moto? Huku swali hilo halipo. Hata kuulizwa unakunywa nini hakuna. Unakaa, na glasi inatua mbele yako.

Tulianzia Päffgen, Friesenstraße, baa iliyoanza 1883 na inayopika bia yake hapohapo. Glasi yenyewe nyembamba, imenyooka, inabeba mililita 200. Nikacheka, nikamwambia shemeji kuwa hiki ni kipimo cha kunywea dawa ya kikohozi. "Kunywa, shem, acha maneno." Mikupuo miwili ikaisha. Mhudumu, ambaye watu wa hapa humwita Köbes, akapita na sinia la mviringo lenye matundu ya kushikia glasi, akaondoa tupu, akaweka iliyojaa, akachora mstari wa penseli kwenye kikaratasi kigumu kinachokaa chini ya glasi. Hakuuliza. Ataendelea kuleta mpaka ufunike glasi yako kwa hicho kikaratasi. Kwetu hesabu ni zile chupa tupu zinazoachwa mezani, na bili ikija lazima kuwe na mmoja anayeapa kwamba mbili kati ya hizo amezikuta. Mstari wa penseli ni mgumu kuukana.

Kölsch ina rangi ya dhahabu hafifu, harufu ya tunda kwa mbali, uchungu kidogo, na inateleza. Hamira yake ni ya jamii inayofanya kazi kwenye uvuguvugu na kupanda juu ya pipa, lakini ikishachachuka bia huwekwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa, ndiyo maana mgeni huidhania lager, jamii ya Kilimanjaro na Safari zetu. Mwaka 1986 wenye viwanda wa Köln walitia saini mkataba kwamba jina hilo ni la bia inayopikwa mjini hapa, na tangu 1997 linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Shemeji aliyaeleza yote haya kwa fahari ya mzaliwa wa Köln. Kazaliwa Bukoba.

Hukumu yangu nilimpa tukiwa njiani kurudi nyumbani: bia safi, haichoshi, haina kosa, na kesho kutwa nitakuwa nimesahau ilivyokuwa. Alinyamaza hadi mlangoni.

Jumamosi, Düsseldorf

Nusu saa hivi kwa treni kuteremka na mto Rhine, na shemeji alinung'unika njia nzima. Watu wa miji hii miwili hutaniana kwa kanivali, kwa mpira, na zaidi ya yote kwa bia. Kuagiza Kölsch Düsseldorf ni kutafuta kuchekwa na meza nzima.

Bia ya hapa ni Altbier. Tuliinywea Uerige, katika mji mkongwe, nje, tukiwa tumesimama kwenye meza ndefu za mbao. Glasi ni fupi kidogo, mililita 250, na rangi ni shaba iliyosuguliwa. Wanaiita ya kale kwa sababu walishikilia hamira ya juu wakati sehemu kubwa ya Ujerumani ilikuwa inahamia kwenye lager. Ile ya Uerige ni chungu waziwazi. Mwanzoni unapata ganda la mkate ulioungua kidogo, kisha uchungu unakuja na kukaa nyuma ya ulimi, hauondoki.

Niliipenda palepale, na nadhani najua sababu. Nimekulia Kilimanjaro, na mbege isiyotiwa gome la msesewe ni uji wa ndizi tu. Msesewe ni mchungu kwelikweli. Kazi yake ni kuuzuia utamu usikuchoshe, na hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, inafanya kazi hiyohiyo kwenye shayiri. Kwa hiyo pombe chungu hainishtui. Kinachonishtua ni wale wanaoagiza bia kisha wakaomba na soda ya kuchanganyia.

Shemeji alikunywa moja, akafunika glasi.

Jumapili, ndani ya treni

Köln hadi Bamberg ni safari ya kutwa ukibadilisha treni na kungoja. Ngome juu ya vilima, mizabibu kwenye miteremko, na ndani ya behewa mabishano ya rubisi na mbege.

Shemeji alieleza rubisi kwa mikono. Ndizi zilizoiva vizuri zinakanyagwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji yake, maji yanachujwa, yanatiwa ndani ya mtumbwi wa kuchonga, juu yake unga wa mtama uliokaangwa, yanafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa. Hakuna kuchemsha. Nami nikampa mbege: ndizi zinachemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu-kahawia, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, kisha viwili hivyo vinakutanishwa na msesewe.

Nikamwambia, "Shem, tazama hapo kwenye ulezi kuoteshwa. Hicho ni kimea. Ndicho wanachofanya Wajerumani na shayiri yao. Nafaka ikiota, wanga wake unafunguka kuwa sukari. Kwa hiyo mbege ni bia. Rubisi yenu ni juisi ya tunda iliyochachuka, iko upande wa mvinyo."

Mhaya hakubali mambo ya namna hiyo kirahisi. Alitetea mtama wa Kagera kutoka Mainz hadi Würzburg.

Jumatatu, Bamberg

Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993 kwa majengo yake, na sisi tulipita mbele ya majengo hayo bila kusimama. Tulikuwa tunakwenda Schlenkerla, chini ya kanisa kuu, kwenye nyumba ya mbao na madirisha madogo. Harufu inakupokea kabla ya mlango. Bia inateremshwa kutoka pipa la mbao lililo juu ya kaunta, nyeusi ukiitazama ukiwa umekaa, nyekundu ya damu ya mzee ukiinyanyua kwenye mwanga. Kilevi ni asilimia 5.1. Jina ni Rauchbier, bia ya moshi.

Moshi hautiwi kwenye bia, unatiwa kwenye kimea. Shayiri ikishaota inabidi ikaushwe haraka, na hapa inakaushwa juu ya moto wa magogo ya mti wanaouita Buche. Zamani kabla ya matanuri yanayotenganisha moto na nafaka, kimea kingi cha Ulaya kilikaushwa juu ya kuni, na bia nyingi lazima zilikuwa na moshi kwa kiasi fulani. Kwa hiyo Bamberg haikubuni kioja. Iligoma tu kuacha ilipoona wengine wameacha.

Nilikunywa funda la kwanza nikarudisha glasi mezani. Ladha ni nyama iliyokaa juu ya dari la jiko. La pili, vilevile. Nikamgeukia shemeji nikitarajia tusikitike pamoja, nikamkuta amefumba macho. "Samaki wa kubanikwa," akasema. "Hii ni sato wa nyumbani." Mtu asiyekunywa chochote nje ya Köln akaagiza nusu lita nyingine, kisha nyingine, akala na kitunguu kikubwa kilichojazwa nyama na kumwagiwa mchuzi wa bia hiyohiyo, na katika muda wote huo hakuitaja Kölsch. Mimi jiko la kuni limenitoa machozi utoto mzima, sina hamu nalo ndani ya glasi. Yeye katokea ziwani, na moshi kwake ni kitoweo. Jinsi gani mtu angeweza kutupatanisha kwa kutueleza ubora wa kimea, sijui.

Wenyeji husema usiihukumu kabla ya glasi ya tatu. Nilifika ya tatu. Ni kweli kwamba pua ikichoka moshi unarudi nyuma, na chini yake kuna bia tamu-tamu yenye mwili mzuri. Lakini bia ninayoifikia kwa kungoja pua ichoke siwezi kusema naipenda.

Jambo moja liliniridhisha: joto lake. Imetoka ghalani, si kwenye friji. Ipo kati ya baridi na ya moto, mahali ambapo baa zetu hazina jina lake. Wazee wanaoagiza ya moto Dar huonekana washamba, ila bia nzito ikigandishwa hubaki rangi tu, ladha huondoka.

Jioni tulivuka mto kwenda Spezial, walioanza 1536. Nao wanakausha kimea chao kwa kuni, ila kwa mkono mwepesi. Moshi unapita tu dirishani. Hii nilimaliza kwa raha. Shemeji aliiona ni ya wagonjwa.

Jumanne, München

Tulifika saa nne asubuhi, na hiyo ndiyo saa yake, kwa sababu soseji nyeupe za hapa kwa desturi huliwa kabla ya saa sita mchana, na huliwa na Weissbier, bia ya ngano. Asubuhi! Dada angetuona asingesema kitu, angetutazama tu.

Tuliingia kwa Schneider, mtaa wa Tal. Historia ya bia hii ni ya siasa zaidi kuliko ya upishi. Amri ya Bavaria ya 1516 iliruhusu shayiri, hopsi na maji. Ngano ikabaki nje, na baadaye ukoo uliotawala ukaishika haki ya kupika bia ya ngano kuwa mradi wake wenyewe. Mapato yalipopungua na watu kuikinai, Georg Schneider aliipata haki hiyo mwaka 1872, na ukoo wake unapika hadi leo, ingawa kiwanda kilihamia Kelheim baada ya kile cha München kuharibiwa vitani.

Inakuja kwenye glasi ndefu, imechafuka kwa hamira, povu limefura. Nikainusa. Ndizi. Nilidhani ni mawazo, baada ya kushinda kwenye treni nikizungumzia mbege. Nikampa shemeji. "Ndizi mbivu," akasema, "na karafuu."

Hakuna ndizi ndani, wala karafuu. Hamira ya bia ya ngano, inapokula sukari, hutoa asetati ya isoamili, ambayo ndiyo hasa inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Na kutoka kwenye nafaka hutoa kemikali nyingine yenye harufu ya karafuu. Mpishi huamua ipi itawale kwa kuchezea joto la pipa na namna ya kupika kimea. Kinachonichekesha ni kwamba ile amri ya 1516, inayotajwa kwenye chupa kila kona ya nchi hii, haikuitaja hamira kabisa, na hapa hamira ndiyo inayofanya kila kitu.

Kwa watoto wa migombani wawili, hapa palikuwa nyumbani. Tulikubaliana kwa mara ya kwanza. Tulitofautiana tu juu ya aina ya ndizi: mimi nilisema kisukari, yeye akataja ndizi ya kwao ambayo sijawahi kuisikia, na nashuku aliitunga hapohapo. Nina lalamiko moja. Nusu lita ya kwanza ni karamu. Ya pili inajaza tumbo, na ile ndizi inaanza kukera. Ngano ni nzito. Ni bia ya kukaa na chakula, si ya kukesha nayo.

Mchana tulipita Augustiner, ambao wanahesabu kuanzia 1328. Lager yao ya rangi ya majani makavu ni laini na nzuri. Sina la kuongeza.

Jumatano, Plzeň

Tulivuka kuingia Czechia kwa treni ya asubuhi. Hii ndiyo siku niliyoisubiri, kwa sababu kila chupa niliyofungua Sinza, Moshi au Nairobi, ukifuatilia ukoo wake utafika kwenye mji huu.

Mwaka 1838 watu wa Plzeň walichoshwa na bia mbovu, wakamwaga mapipa 36 mbele ya jengo la halmashauri. Wakaamua kujenga kiwanda cha pamoja na kumwajiri mpishi kutoka Bavaria, Josef Groll. Groll alikuwa na mbinu ya Kibavaria ya hamira inayofanya kazi kwenye baridi na kuzama chini. Akakuta maji ya Plzeň yasiyo na chumvichumvi nyingi, hopsi ya Žatec yenye harufu ya majani na maua, na kimea kilichokaushwa taratibu kikabaki cheupe. Tarehe 5 Oktoba 1842 akapika bia ya dhahabu inayoonyesha upande wa pili wa glasi. Ulaya ilikuwa imezoea bia za giza. Baada ya hapo reli, barafu na glasi za bei nafuu zilifanya yaliyobaki.

Chini ya kiwanda kuna mahandaki marefu ya baridi, na mwisho wa ziara wageni hupewa bia iliyotoka moja kwa moja kwenye pipa la mwaloni, haijachujwa, haijachemshwa kuua vijidudu. Nilitarajia kitu ninachokijua. Nilikutana na baba mzazi wa ninachokijua, na baba ni mkali. Kwanza siagi na mkate, kisha uchungu mpana, mzito, unaosafisha mdomo na kukutaka urudi. Kilevi ni asilimia 4.4 tu. Bia nyingi za viwandani duniani zimeupunguza uchungu huo mwaka hadi mwaka, zikatia mahindi, mchele au sukari kupunguza gharama na uzito, kisha zikagandishwa ili usigundue. Sizisemi vibaya. Saa tisa mchana Februari ya Dar es Salaam, lager nyepesi iliyotoa jasho kwenye chupa haina mpinzani, na hii ya handakini ingenilaza. Ila sasa najua nini kiliondolewa.

Na povu! Kwetu mhudumu akikumiminia bia ikafanya povu amekuibia, atainamisha glasi mpaka kiganja kimuume. Huku povu ni vidole vitatu, zito, na linamiminwa kwanza, bia inapita chini yake. Kuna hata kipimo wanachokiita mlíko, glasi karibu yote povu, unaimeza kwa mkupuo. Ni tamu, cha ajabu. Shemeji aliagiza mbili na kuniambia nisimsimulie mtu Köln.

Alhamisi

Treni kutwa. Maji ya chupa.

Ijumaa, Köln

Dada alipika ugali, mchicha na utumbo. Nilikula nikanyamaza. Shemeji alifungua Kölsch, akainywa polepole kuliko kawaida yake, akasema labda hili pipa lilikuwa la zamani.

Jumamosi, Brussels

Chini ya saa mbili kwa treni, na kutoka stesheni ya kusini unatembea kwa mguu mpaka Cantillon, mtaa wa Gheude, Anderlecht. Nje ni geti la gereji. Ndani ni kiwanda kilichoanza 1900 na ambacho tangu 1978 ni makumbusho pia, ila si yale ya vitu vilivyokufa, wanapika kweli.

Hapa hamira hainunuliwi. Wanachemsha kimea cha shayiri pamoja na ngano mbichi isiyooteshwa, wanatia hopsi iliyokaa ghalani miaka mpaka uchungu na harufu vimekwisha na kubaki nguvu yake ya kuzuia uozo, kisha wanaimwaga moto kwenye beseni pana la shaba, kina kifupi, juu darini chini ya vigae. Madirisha yanaachwa wazi usiku kucha. Vijidudu vya hewani na vilivyojificha kwenye mbao za paa vinaingia vyenyewe. Ndiyo sababu wanapika miezi ya baridi peke yake, kuanzia karibu mwisho wa Oktoba hadi Aprili. Wakati wa joto hewa ina wageni wasiotakiwa. Asubuhi inaingizwa kwenye mapipa ya mwaloni, na humo inakaa mwaka, miwili, hadi mitatu. Buibui wanaachwa na utando wao, kwa sababu wanakula nzi.

Kwanza walitupa lambic yenyewe, ndilo jina la bia hii, kutoka kwenye jagi. Haina gesi. Haina povu. Si baridi. Ina rangi ya chai ya rangi iliyopoa, na harufu ya ndimu, ya ngozi, na kwa mbali ya zizi la mbuzi. Mgeni mmoja kando yetu alikunja uso akamrudishia mwenzake glasi.

Nami nilikunywa nikaona nyumbani kwa bibi. Si kwamba ladha ni moja. Hapa hakuna ndizi wala ulezi. Ila uchachu ule unaobana mashavu kutoka ndani, kukosa gesi, uvuguvugu, ule ukakasi wa mwisho unaofanya umeze mate, ulimi wangu uliyajua haya kabla haujajua friji. Mbege nayo haitiwi hamira ya dukani. Inachachushwa na vilivyomo kwenye ndizi na kwenye chombo, na kila mama mpishi ana chombo chake asichokisugua kupita kiasi. Watu wengi huku huiona lambic kuwa ya waliobobea, unafika kwake baada ya kupita bia zote nyingine. Mtu wa Uru au Marangu anaanzia hapo.

Kisha gueuze, ambayo ni lambic ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu zikichanganywa na kuachwa zichachuke tena ndani ya chupa, hadi zipate gesi na kizibo kifungwe kwa waya. Hii ni kali, kavu, inameta. Kati ya yote niliyoonja wiki hii naiweka juu, ya Uerige inafuata, Plzeň ya handakini ya tatu. Kriek yao, yenye cheri, nilitarajia iwe sharubati. Kumbe nayo ni chachu kavu, rangi tu ndiyo inayodanganya.

"Pombe imeharibika hii," shemeji alisema, akaisukuma glasi yake upande wangu. Nikamkumbusha sato wa Bamberg. Akasema sato alikuwa amebanikwa na mtu anayejua kazi, hii imeachwa wazi usiku na kuingiliwa na popo. Nilimalizia glasi zote mbili. Stesheni alinunua kopo la pils, bia ya mtindo wa Plzeň, akalinywa kwa utulivu wa mtu aliyetoka kwa daktari.

Jumapili, Köln

Nilimletea dada chupa kubwa ya gueuze. Dada hanywi bia, lakini mbege amepika, tena ya harusi. Nilimweleza yote, darini, mapipa, miaka mitatu. Alisikiliza, akamimina kidogo kwenye kikombe, akanusa, akaonja, akaizungusha mdomoni.

"Imepitiliza siku mbili," akasema.

Nyama ya mbuzi ilikuwa tayari jikoni. Akaimimina chupa yote iliyobaki ndani ya sufuria, akafunika.